Suluba si mazoezi

Yapo maneno mawili yanayosemwa sana katika visiwa vyetu juu ya mwanamke mja mzito, na yote mawili husemwa kwa nia njema. La kwanza husikika zaidi mjini: "Tulia mwanangu, usijitikise, utakuja kumdhuru mtoto." La pili husikika shamba, na aghalabu hurudiwa maofisini pindi habari za shamba zinapotajwa: "Huyo kazi kazoea, na mimba si maradhi." Neno la kwanza humweka mwanamke kitini kwa miezi tisa. Neno la pili humwacha na mzigo kichwani mpaka siku ya uchungu. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba maneno hayo, ingawa yanapingana, yamezaliwa na kosa moja, nalo ni kutotofautisha baina ya mazoezi na suluba. Kosa hilo lina gharama, na gharama yake hulipwa kwa afya ya mama na ya mtoto aliyemo tumboni.

Tuanze na neno la mjini. Hofu ya kumtikisa mja mzito si ya bibi zetu peke yao. Wataalamu wakubwa wa nchi tajiri nao waliishi nayo kwa muda mrefu. Mwaka 1985 Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kiliweka kanuni kwamba mja mzito anayefanya mazoezi asiyaache mapigo ya moyo wake yapindukie 140 kwa dakika, na kwamba mazoezi ya nguvu yasizidi dakika 15. Ushahidi wa kanuni hiyo ulikuwa mdogo. Tahadhari ndiyo iliyokuwa kubwa. Utafiti ukaendelea, na ilipofika mwaka 1994 Chuo hicho hicho kiliiondoa mipaka hiyo. Kwa hiyo asitokee kijana msomi akawacheka wazee kwa kuogopa jambo ambalo madaktari wenyewe waliliogopa. Wazee walitumia elimu waliyokuwa nayo. Sisi tunayo zaidi, na ni wajibu wetu kuitumia.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya kuhusu harakati za mwili, na kwa mara ya kwanza likawatengea sehemu yao waja wazito na wanawake waliojifungua karibuni. Mwongozo unasema kwamba mja mzito asiye na kizuizi cha kitabibu afanye harakati za wastani kwa angalau dakika 150 katika wiki, achanganye na mazoezi ya kuimarisha misuli, na ajinyooshe viungo taratibu. Dakika 150 zikigawiwa kwa siku tano, kila siku inapata nusu saa. Si jambo kubwa. Nusu saa ni mwendo wa kutoka nyumbani hadi sokoni kwa wakaazi wengi wa mjini, mwendo ambao siku hizi tunaupanda gari au bodaboda.

Neno "wastani" linataka kufafanuliwa, kwani ndilo shina la maneno yote haya. Kipimo chake hakihitaji saa wala mashine. Mwanamke anayetembea kwa hatua za kukaza aweze kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika pumzi, lakini akitaka kuimba ashindwe. Akiweza kuimba, aongeze hatua kidogo. Akishindwa hata kuzungumza, apunguze. Aliyekuwa hana mazoea aanze kwa dakika chache na azidishe polepole. Aliyekuwa mwanamichezo kabla ya mimba anaweza kuendelea na zaidi ya hapo, maadamu mkunga au daktari wake anajua na hali yake inaruhusu.

Ndugu msomaji atauliza: faida yake ni nini hasa? Jawabu limo katika mwili wenyewe. Mja mzito huongezekewa na damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo wake husukuma damu nyingi zaidi hata anapokaa kitako. Viungo vyake hulegea ili kuitayarisha nyonga, na uzito wa tumbo huuvuta mgongo mbele. Homoni za kondo la nyuma huifanya insulini, ambayo ndiyo inayoingiza sukari katika misuli, isifanye kazi yake kama kawaida. Basi hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Moyo na mishipa ya damu huzoea kubeba kazi iliyoongezeka. Misuli ya mgongo na tumbo husaidia kuushika mwili uliobadilika umbo, na maumivu ya mgongo hupungua makali.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Kanada walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja. Waligundua kwamba kwa waja wazito waliofanya mazoezi, uwezekano wa kupata kisukari cha mimba ulipungua kwa asilimia 38, uwezekano wa kupanda shinikizo la damu kwa sababu ya mimba ulipungua kwa asilimia 39, na uwezekano wa kupata ile hali inayotangulia kifafa cha mimba ulipungua kwa asilimia 41. Hizi si takwimu za kupita juu yake kwa haraka. Kifafa cha mimba, pamoja na kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowaua wazazi katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha vifo vya wazazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania, ilhali utafiti wa miaka ya 2015 na 2016 ulikuwa umeonesha 556. Ni hatua kubwa na ya kujivunia. Lakini hao 104 ni watu wenye majina, na wengi wao waliacha watoto.

Ama kuhusu mtoto, hofu kubwa ya watu ni kwamba mimba itaporomoka au mtoto atazaliwa kabla ya siku zake. Tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye mimba zisizo na matatizo hazikuona kwamba mazoezi ya wastani yanaongeza kuharibika kwa mimba, wala kuzaliwa njiti, wala kuzaliwa na uzito mdogo. Walichokiona ni kinyume chake katika jambo moja: watoto waliopindukia unene, ambao huwatesa mama zao wakati wa kujifungua na wengi wao hutokana na sukari ya mama isiyodhibitiwa, walipungua. Na baada ya kujifungua, mama aliyezoea harakati hupata nafuu dhidi ya ule unyonge wa moyo unaowashika baadhi ya wazazi, ambao sisi mara nyingi tunauita uvivu au tunausingizia shetani.

Hadi hapa mtu wa shamba atakuwa anatabasamu. Atasema: "Kama ni hivyo, sisi tumo katika mazoezi tangu alfajiri." Na baadhi ya watendaji wetu watamuunga mkono, kwani hoja hiyo inawaondolea kazi. Hapo ndipo tunapotaka kusimama.

Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Bibi Maryamu, aliyeshikwa na uchungu chini ya mtende akaamrishwa alitikise shina lake ili tende zimdondokee. Wafasiri wana maneno mengi juu ya kisa hicho. Kwetu sisi inatosha kukumbuka kwamba katika saa ya udhaifu wake Bibi Maryamu hakuachwa alale tu. Aliambiwa atie mkono wake. Lakini pamoja na harakati hiyo alipewa chakula, akapewa maji, na akapewa faraja. Anayechukua nusu ya kwanza ya kisa na kuiacha nusu ya pili, huyo hakukisoma.

Tumtazame mwanamke wa ukanda wa pwani ya mashariki ya Unguja, au wa vijiji vya pwani vya Pemba, anayelima mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, na walio wengi katika wanaokifanya ni wanawake. Saa zake za kazi hazipangwi na yeye wala na jua. Zinapangwa na bahari. Wakati wa bamvua maji hukupwa asubuhi jua likiwa limekwishapanda, na kazi humkuta katika joto kali la kuelekea adhuhuri. Huinama kwa saa nyingi akifunga na kufungua kamba, miguu imo majini, na jua linampiga mgongoni. Akimaliza, gunia la mwani mbichi lenye uzito wa makumi ya kilo linamngojea kupelekwa nchi kavu. Akifika nyumbani anakuta ndoo, kuni na jiko. Kadhalika yupo anayegonga kokoto, yupo anayefukia na kupiga makumbi ili apate usumba, na yupo anayekwenda masafa kutafuta maji mfereji unapokauka.

Hakuna ubishi kwamba mwili wake unatikisika. Lakini mazoezi yana masharti manne ambayo suluba haina. Kwanza, mwenye kufanya mazoezi huchagua kiasi. Mwenye suluba hupangiwa na mzigo. Pili, mwenye mazoezi akihisi kizunguzungu hukaa. Mwenye suluba akikaa, maji yatajaa na mwani wake utabaki. Tatu, mazoezi hufanywa nyakati za baridi. Suluba haijui saa. Nne, mazoezi hufuatwa na chakula na mapumziko. Suluba hufuatwa na suluba nyingine. Wataalamu waliochunguza kazi za waja wazito wameona kwamba kunyanyua mizigo mizito mara kwa mara na kusimama kwa saa nyingi kunahusiana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa wadogo. Yaani mwili ule ule, mimba ile ile, lakini harakati ya aina moja inajenga na ya aina nyingine inabomoa.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Gambia kwa wanawake wajawazito 92, wote wakulima wadogo wadogo waliokuwa wakiendelea na kazi zao za shamba. Walipimwa wao na watoto waliomo matumboni mwao wakiwa kazini. Ilionekana kwamba kila joto lilipozidi kwa digrii moja, dalili za mtoto kuhangaika tumboni, kwa mapigo ya moyo wake au kwa mwendo wa damu katika kitovu, zilizidi kwa asilimia 17. Gambia ni mbali na sisi, lakini mkulima wa kike mwenye jembe mkononi na mimba tumboni hayuko mbali na sisi hata kidogo, na joto la kaskazi tunalijua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani nao unamtaka mja mzito ajiepushe na harakati nzito katika joto kali, hasa penye unyevunyevu mwingi hewani, na anywe maji ya kutosha. Unyevunyevu huo ndio hewa yetu ya kila siku.

Liko na tatizo la upungufu wa damu, ambalo visiwa vyetu vinalijua kwa miaka mingi. Mwanamke mwenye damu kidogo huchoka upesi, moyo wake hupiga mbio kwa kazi ndogo, na akitoka damu wakati wa kujifungua hana akiba. Kumwambia huyo akimbie ni kumdhulumu. Kumwachia gunia la mwani ni kumdhulumu zaidi. Kwanza ameze vidonge vyake vya kuongeza damu, apate chakula chenye madini ya chuma, apimwe; kisha ndipo yazungumzwe mazoezi.

Basi ni nini kifanyike? Tutasema na kila mmoja kwa nafasi yake.

Mwanamke wa mjini, anayekaa ofisini au dukani tangu asubuhi, atoke. Atembee baada ya sala ya alfajiri au baada ya alasiri jua likipunguka. Avae viatu visivyoteleza na nguo pana zinazopitisha hewa; hakuna sharti la mavazi ya kigeni, na staha haizuii hatua. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo asifanye mazoezi ya kulala chali, kwani mfuko wa uzazi huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Aepuke michezo ya kugongana na mahali pa kuanguka. Mwezi wa Ramadhani, akiwa amefunga, aiweke nusu saa yake baada ya futari. Na kila siku akaze na kulegeza ile misuli ya chini ya nyonga inayozuia haja ndogo. Zoezi hilo hufanywa hata mtu akiwa amekaa, na huwaepusha wazazi wengi na aibu ya kuvuja mkojo ambayo huibeba kimyakimya miaka mingi.

Mwanamke wa shamba hahitaji kuongezewa dakika. Anahitaji kupunguziwa kilo. Agawe mzigo mmoja mkubwa katika midogo, apumzike kivulini, achukue maji ya kunywa anapokwenda pwani, na miezi ya mwisho asinyanyue gunia. Lakini tukimwambia hayo tukanyamaza, tutakuwa tumempa nasaha asiyo na uwezo wa kuifuata. Gunia halijinyanyui. Hapo tunamgeukia mume, tunamgeukia shemeji, tunamgeukia mavyaa. Mume anayeona haya kubeba ndoo mbele za watu ajiulize ni haya gani hiyo inayozidi haya ya kumpeleka mkewe hospitali usiku akiwa hajitambui.

Wauguzi na wakunga wa vituo vya afya wana neno lao pia. Mja mzito anapohudhuria kliniki hupimwa uzito na presha, akapewa vidonge, akaondoka. Aongezewe suali moja: "Siku yako unaipitishaje?" Kwa jawabu la suali hilo, mkunga atajua kama aliye mbele yake ni wa kuambiwa atembee au ni wa kuambiwa apumzike. Mkunga huyo ndiye pia wa kuwazuia wale ambao mazoezi kwao ni hatari: mwenye kondo lililokaa kwenye njia ya mtoto katika miezi ya mwisho, aliyevunja chupa, mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati, mwenye mlango wa uzazi ulio dhaifu, mwenye presha iliyokwishapanda vibaya, na mwenye maradhi mazito ya moyo. Na kila mwanamke afundishwe dalili za kuacha mara moja na kwenda kituoni: kutoka damu, kutoka maji, maumivu ya kifua, kuumwa kichwa kwa nguvu, kizunguzungu, pumzi kukatika kabla hata ya kuanza, kuvimba au kuuma kwa ndama ya mguu, na maumivu ya tumbo yanayokuja na kurudi kwa mpangilio.

Arubaini nayo isisahauliwe. Mila yetu ya kumhifadhi mzazi siku arubaini ina hekima kubwa, kwani inampa usingizi, chakula cha moto na watu wa kumsaidia. Isigeuzwe tu kuwa kitanda cha siku arubaini. Aliyejifungua salama anaweza kuanza kutembea ndani ya nyumba na uani mara anapojiona ana nguvu, na kuzidisha kidogo kidogo. Aliyepasuliwa amsikilize daktari wake kwanza.

Mwisho tunasema na watendaji. Visiwa vyetu vina mwamko wa mazoezi ambao wengi wanautamani. Vikundi vya mazoezi ya viungo, vya wanaume na vya wanawake, huonekana barabarani mapema asubuhi, na kila Januari mosi hukusanyika katika tamasha kubwa ambalo viongozi wa nchi hulihudhuria. Tunauliza: mja mzito ana nafasi gani katika safu zile? Vikundi hivyo vikipata mkunga wa kuvielekeza, vinaweza kumpokea kwa mwendo wake bila ya kumshindanisha na mtu. Kila wilaya inaweza kuwa na uwanja mmoja wenye taa na utulivu ambapo wanawake watatembea jioni bila ya bughudha. Na shamba, zoezi bora kabisa ambalo serikali za mitaa zinaweza kumfanyia mja mzito ni mfereji wenye maji karibu na nyumba yake, gari la ng'ombe au mkokoteni wa kutoa mwani pwani, na banda la kivuli karibu na mashamba ya mwani. Mtu hahesabu vitu hivyo katika bajeti ya uzazi salama. Vihesabiwe.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya Watanzania mbele ya redio wakajifunza kujikinga na maradhi. Nguvu yake haikuwa katika redio. Ilikuwa katika kwamba watu wakishasikiliza walijadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Jambo tunalolizungumza leo linataka mwendo ule ule. Sheha anazijua nyumba zenye waja wazito katika shehia yake. Akizijua na mizigo yao, na akaitisha kikao ambamo waume nao wamo, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna sindano itakayoifanya badala yake.

Mja mzito si yai la kufungiwa kabatini, wala si punda wa kuongezewa gunia. Aliyekaa mno tumwinue. Aliyelemewa tumtue. Wote wawili wanachukua watu wa kesho wa visiwa hivi.